Wapenzi wa Zamani Kukutana Tena: Maoni Juu ya Kitabu Persuasion

Muhula huu kitabu kimoja kimezunguka mabwenini kwetu kuliko kitabu cho chote kingine kisicho cha mtihani. Jina lake ni Persuasion, maana yake kumwelekeza mtu kwa maneno mpaka akubali. Mtungaji wake ni Bibi Jane Austen, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1775. Wengine wetu wasema kwamba hii ni hadithi nyepesi ya mapenzi, na kwamba kijana wa kidato cha sita asipoteze mafuta ya taa kwa mambo kama hayo. Wengine wameisoma mara mbili. Kwa kuwa maneno yamekuwa mengi, nimeona vema nieleze kisa chenyewe, jinsi kilivyotungwa, na kwa nini wasomaji wamegombana juu yake tangu zamani.

Anne Elliot ni binti wa bwana mmoja mwenye cheo cha kurithi na madeni tele. Mwaka 1806, akiwa na miaka 19 (yaani umri wangu mimi niandikaye), alichumbiwa na Frederick Wentworth, afisa kijana wa manowari. Wentworth hakuwa na mali wala jamaa wakubwa. Alikuwa na matumaini tu. Baba alinuna, lakini si yeye aliyeuvunja uchumba. Aliyeuvunja ni Lady Russell, rafiki wa marehemu mama yake, aliyempenda Anne kama mwanawe. Huyu hakumgombeza wala kumtisha. Alimweleza kwa upole kwamba ndoa ile haina msingi, mpaka Anne akasadiki kwamba kumwacha kijana ni kumtendea wema hata yeye, asije akafungwa miguu na mke angali maskini. Wentworth akaondoka na hasira yake.

Ikapita miaka minane. Siku hizo Uingereza ilikuwa vitani na Wafaransa, na desturi ilikuwa kwamba maofisa wa manowari wagawiwe thamani ya merikebu za adui walizoziteka. Kwa njia hiyo Wentworth alipata pauni 25,000. Baba yake Anne naye, kwa sababu ya madeni, alilazimika kuipangisha nyumba yake kubwa, na mpangaji akawa Amiri Croft, ambaye mkewe ni dada yake Wentworth. Basi ndivyo wapenzi hawa walivyokuja kukutana tena, yeye tajiri anayetafuta mke, Anne na miaka 27 na uzuri wake umefifia.

Hapa ndipo ufundi wa kitabu ulipo, na ndipo wasomaji wenye haraka huchoka. Wenyewe hawasemezani. Hukaa chumba kimoja, hula meza moja, na kila mmoja huzungumza na watu wengine. Siku moja Anne amepiga magoti akimwuguza mtoto wa dada yake, na mtoto mwingine mtundu akamrukia mgongoni wala hakubali kushuka. Mara akahisi mzigo umeondolewa. Ni Wentworth, amemwondoa mtoto bila kusema neno. Maria Edgeworth, mtungaji mashuhuri wa Ireland, alipokisoma kitabu mwaka 1818, alimwandikia jamaa yake barua akalisifu hasa jambo hili dogo, ingawa alilalamika kwamba kurasa za mwanzo zina habari nyingi mno za ukoo. Nami nakubaliana naye kwa yote mawili. Msomaji mgeni na avumilie sura tatu za kwanza.

Baadaye msichana mwingine, Louisa, ambaye Wentworth alikuwa akimwelekea, aruka kutoka ngazi za gati la mawe huko Lyme naye aanguka na kuzimia. Wanaume wote wachanganyikiwa, na Anne ndiye atoaye amri. Halafu mjini Bath, Anne abishana na nahodha mmoja kama ni wanaume au wanawake wadumuo zaidi katika mapenzi. Wentworth yuko meza ya pili aandika barua, na maneno yote yamfikia. Ndipo aandika barua nyingine, aiacha mezani, atoka. Yaliyomo sitayasema.

Jambo ambalo wenzetu wengi hawakulijua ni kwamba mwisho huo si wa kwanza. Bibi Austen aliumaliza mwisho wa kwanza tarehe 18 Julai 1816. Katika huo hapakuwa na barua: Wentworth alitumwa na Amiri amwulize Anne kama ni kweli kwamba ataolewa na binamu yake na kuitaka nyumba ya ukoo, naye Anne akakana, wakapatana. Mtungaji hakuridhika. Akaandika upya, na mwanzoni mwa Agosti akawa amekwisha. Karatasi za ule mwisho ulioachwa zipo hata leo katika maktaba kubwa ya taifa mjini London. Tofauti ni kubwa. Katika mwisho wa kwanza wapenzi wanakutanishwa kwa ajili ya umbea wa watu. Katika wa pili Anne anasema yaliyo moyoni mwake, ingawa hasemi naye, na yule mwingine anachagua mwenyewe kuandika.

Tarehe 18 Julai 1817 Bibi Austen alifariki, na kitabu kikatoka Desemba ya mwaka huo huo. Ndugu yake Henry alitia mwanzoni habari za maisha yake, na hapo ndipo wasomaji wote walipolijua jina lake, maana vitabu vya kwanza havikuwa na jina la mtungaji. Mwezi wa Machi 1818 gazeti liitwalo British Critic lilikitolea maoni. Mwandishi wake hakupendezwa na fundisho alilodhani amelikuta humo, kwamba ati vijana waoane daima kwa kufuata mioyo yao na akili zao wenyewe. Je, si maneno haya haya tuyasikiayo kwenye vikao vya mahari hapa kwetu, tangu Kasese mpaka Bwera, wakati mbuzi wanapohesabiwa na kijana akaonekana hana?

Bwenini kwetu maoni ni mchanganyiko. Mmoja asema Anne alikuwa mnyonge, na kwamba mtu asiyeshika neno lake akiwa na miaka 19 hatalishika akiwa na 27. Mwingine, ambaye baba yake ni katekista, asema Anne alitenda vema kuwatii wakubwa, na Mungu akamlipa kwa pauni 25,000. (Tulimcheka, lakini hakubadili neno.) Wa tatu asema hadithi ni ya uongo kwa sababu katika dunia hii mpenzi wa zamani harudi na mali, hurudi na mke. Huyu alitutajia wimbo wa Malaika, ambao kila mtu wa Afrika Mashariki aujua, mahali ambapo kijana ashindwa kuoa kwa kukosa mali, nao wimbo waisha bila merikebu yo yote kutekwa.

Nami niliwakumbusha kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, kilichotoka mwaka 1967. Humo Gikonyo atengwa na mkewe Mumbi kwa miaka sita katika kambi za kizuizini wakati wa Mau Mau, na arudipo akuta Mumbi amezaa na Karanja. Mwisho wa kitabu Gikonyo yuko hospitali, awaza kuchonga kigoda ampe mkewe. Hawajapatana bado, wameanza tu kukubali kwamba lazima wasemezane. Hicho si kitabu chepesi, na wote wawili wana jeraha. Lakini chafanana na kile cha Bibi Austen katika jambo hili: kinachowachelewesha wapenzi kurudiana si umbali tu, ni kunyamaza.

Dada yangu mkubwa, afanyaye biashara katika soko la Mpondwe, alikichukua kitabu changu wakati wa likizo akakimaliza kwa siku nne. Yeye aliwahi kumkataa mtu kwa ushauri wa shangazi. Nilitazamia atamlaumu Lady Russell. Badala yake aliniuliza, "Na huyo nahodha, alipopata fedha, mbona hakuandika?"

Sikuwa na jibu, nikarudi kukisoma. Jibu limo karibu na mwisho, na nadhani wasomaji wengi hulipita. Wentworth mwenyewe auliza: kama angaliandika mwaka 1808, alipokuwa na pauni elfu chache na manowari mpya ya kuongoza, je, Anne angalimkubali? Naye aonyesha waziwazi kwamba angalimkubali. Aliyemzuia Wentworth si Lady Russell, ni kiburi chake. Haya, tupige hesabu. Katika miaka minane ya kutengana, miwili ni ya yule mama na ushauri wake. Sita ni ya Wentworth. Yule bwana wa British Critic hakuihesabu, na sisi bwenini hatukuihesabu, kwa kuwa wote tulikuwa tukishindana juu ya utii wa msichana. Anne naye, alipokwisha kuipata furaha yake, hasemi kwamba alikosa kutii. Asema ushauri ulikuwa mbaya, lakini yeye alifanya vema kuusikiliza kwa umri aliokuwa nao. Dada yangu hakulipenda neno hili. Mimi bado nalifikiri.

Iko filamu ya mwaka 2022 ambamo Anne anywa mvinyo kwenye chupa na kuwakonyeza watazamaji. Wasomaji wengi wa kitabu waliichukia, na walioiona kati yetu hawakuona sababu ya kuwapinga.

Bibi Austen alikuwa na desturi ya kuandika maoni ya jamaa na jirani juu ya vitabu vyake. Orodha mbili zimebaki, moja ya Mansfield Park na moja ya Emma. Hakuchagua sifa peke yake: aliandika kwamba mama yake mzazi alimwona msichana wa Mansfield Park hana ladha, na kwamba bwana mmoja alisoma sura ya kwanza na ya mwisho tu ya Emma, kwa sababu alisikia kwamba haifurahishi. Juu ya Persuasion hakuwahi kukusanya neno. Sisi twaanza orodha yetu katika daftari lililowekwa maktabani, karibu na dirisha. Wanafunzi wa zamani waliokisoma kitabu hiki na walete maoni yao kwa barua, nasi tutayanakili humo, hata ya yule aliyesoma sura mbili tu.