Kununua Benzi kuukuu la mazutu: tazama injini, usitazame nyota

KATIKA miji yetu ya mpakani, gari la mitumba hununuliwa kwa macho. Rangi inang'aa, viti ni vya ngozi, redio inalia vizuri, fedha inatolewa. Miezi mitatu baadaye gari limepandishwa juu ya matofali uani na kuku wanataga chini yake. Kwa tajiri hilo ni jambo la kucheka. Kwa mwalimu, au kwa mama anayevusha mawese na vitenge kati ya Mugina na Manyovu, huo ni mtaji wa miaka mitano uliozikwa.

Nasema haya kwa sababu yametugusa nyumbani. Mwaka 2024 Toyota Carina yetu iligongwa kwa nyuma na lori lililokosa breki kwenye mteremko wa kutoka Mabanda kushuka Nyanza-Lac. Mama watoto, aliyekuwa akirudi kutoka Mugina na mzigo wake, alivunjika mfupa wa mtulinga. Gari lilikunjika hadi kwenye viti vya mbele, likaandikwa kuwa halitengenezeki. Bima ililipa sehemu tu ya thamani, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa mtaji wa biashara, usafiri wa kazini na nauli ya binti yetu anayesoma Bujumbura. Hatukuwa na nafasi ya kununua mara mbili.

Tulikaa tukaweka masharti matatu. Kwanza, atakayekaa kiti cha nyuma awe salama zaidi kuliko mwanzo. Pili, gari linywe kidogo, maana kati ya 2021 na 2025 foleni za mafuta zimetufundisha adabu Warundi wote. Tatu, mafundi wa hapahapa waweze kulitengeneza kwa spana walizo nazo. Masharti hayo yalitupeleka mahali ambapo majirani hawakutarajia: kwenye Benzi la mazutu.

Kutoka Wabenzi hadi walimu

Ndugu msomaji uliyekulia Tanzania kama mimi, bila shaka unalikumbuka neno "Wabenzi". Nilipokuwa shule ya msingi Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 1972, neno hilo liliwataja wakubwa wenye magari meusi na vitambi. Tulipoanza kurudi Burundi 2008, tukiwa na magodoro na masufuria juu ya malori, nani angefikiri kwamba mmoja wetu angekuja kutafuta gari la aina hiyo?

Siri ni kwamba Benzi kuukuu hushuka bei haraka. Tajiri hulikimbia kwa sababu limepitwa na wakati, na mtu wa kawaida huliogopa kwa sababu ya jina. Katikati ya hofu hizo mbili ndipo mnunuzi mwenye subira hupata nafasi. Magari mawili tuliyoonyeshwa yalikuwa na bei ya chini kuliko Probox iliyochoka.

Kuhusu usalama, sifa ya magari haya ina historia. Mhandisi wa Mercedes-Benz, Béla Barényi, aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1951 kwa wazo kwamba pua na mkia wa gari vikunjike wakati wa ajali ili chumba cha abiria kibaki kigumu. Mwaka 1959 wazo hilo likaingia katika magari ya kuuzwa. Hii haina maana kwamba gari la miaka zaidi ya 30 linalishinda gari jipya la leo. Mengi ya magari hayo hayana hata mifuko ya hewa. Lakini kwa fedha iliyokuwa mkononi mwetu, tofauti ya unene wa chuma nyuma ya kiti cha abiria ilionekana kwa macho.

Lipi katika mengi?

Muuzaji atakwambia "Benzi ni Benzi". Si kweli. Katika magari ya mazutu ya ukubwa wa kati kuna vizazi vinne ambavyo utakutana navyo huku kwetu, na kila kimoja kina tabia yake.

Kizazi cha W123 kilitengenezwa kati ya 1976 na 1985, karibu magari milioni 2.7. Injini zake za 240 D na 300 D ni ngumu kama jiwe la kusagia, ila ni nzito kupanda milima, na mabati mengi yameliwa na kutu. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo barabara zetu zinapanda tu. Ukiwa na abiria wanne na mzigo, utapanda ukiwa nyuma ya malori.

Kizazi cha W124 kilianza mwishoni mwa 1984, na gari lake la milango minne likatengenezwa hadi 1995. Lina 200 D ya silinda nne, 250 D ya silinda tano na 300 D ya silinda sita. Hapa pampu ya mazutu bado ni ya chuma na springi, haisubiri amri ya kompyuta. Hiyo ya silinda sita ina nguvu tamu, lakini hedi yake ni ndefu na haipendi joto; ikichemka sana huweza kupasuka.

Kizazi cha W210, cha 1995 hadi 2002, kinajulikana duniani kote kwa kutu, hata mahali springi ya mbele inapoegemea. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 kikaja na injini za CDI, zinazosukuma mazutu kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 1,300, wakati nozeli za zamani hufunguka kwa bar mia moja na kitu. Nguvu inaongezeka na ulaji unapungua, lakini tundu la nozeli ni jembamba mno. Maji kidogo au vumbi la dumu linatosha kuiua.

Kizazi cha W211 kilichoanza 2002 ndicho kinachovutia zaidi macho, na ndicho nilichokiogopa zaidi. Magari ya miaka ya kwanza yana breki za umeme zinazoitwa SBC. Kampuni yenyewe iliyaita magereji 2004 na 2005, kisha ikaziacha breki hizo katika gari lililofanyiwa marekebisho 2006. Baadhi ya yale ya baadaye yana chujio la masizi kwenye ekzosi, linalotaka mazutu safi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi 50 kwa milioni tarehe 1 Januari 2015, lakini mazutu ya dumu kando ya barabara hayaji na cheti.

Kwa sababu hizo tulichagua W124, tena 250 D isiyo na turbo, ya mwaka 1991, yenye gia tano za mkono. Nguvu yake ni farasi 90 na kidogo tu. Haikimbii, lakini inafika.

Ukaguzi wa asubuhi

Nilikwenda kuliangalia na fundi tuliyerudi naye kutoka Tanzania. Jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kiganja juu ya boneti. "Mwalimu," aliniambia, "gari la mazutu ukilikuta limeshapashwa moto, rudi nyumbani uje kesho." Injini ya mazutu haiwashwi kwa cheche. Inawaka kwa hewa iliyobanwa hadi ikawa moto. Ikiwa ringi au vali zimechakaa, asubuhi yenye baridi ndiyo itakayosema ukweli. Injini yenye afya hushika baada ya plagi za kupasha kufanya kazi sekunde chache.

Kisha tazama moshi. Mweupe kidogo unaokata baada ya dakika moja si neno. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweusi mzito unapokanyaga mafuta ni nozeli, pampu au chujio la hewa. Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili ukilegeze juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi ukapuliza kama treni, ringi zimekwisha, na hapo bei yoyote ni ghali.

Fungua pia chombo cha maji ya rejeta wakati injini ni baridi. Utando wa oili, au mapovu yasiyokoma injini inapowaka, ni dalili ya gasketi ya hedi. Halafu zima ufunguo. Injini za kizazi hiki huzimwa kwa nguvu ya vakyumu inayopita katika mipira myembamba, na milango nayo hujifunga kwa njia hiyohiyo. Injini ikikataa kuzimika, muuzaji hushtuka na mnunuzi hukimbia, kumbe mara nyingi ni mpira uliopasuka. Hiyo ni nafasi ya kupunguza bei.

Mwisho lala chini. Kutu ya W124 hujificha pale jeki inapoingia, nyuma ya plastiki za ubavuni. Gonga kwa kishikio cha bisibisi. Chuma kizima hulia, kilichooza hunong'ona.

Jambo moja lilinifurahisha kama mwalimu wa lugha. Muuzaji wa Bujumbura alisema "radiyateri" na "amotisa", fundi wangu akasema "rejeta" na "shokapu", wakabishana robo saa kuhusu kitu kilekile. Wewe uliyesoma uhamishoni una faida: unajua majina yote mawili. Yatumie unapoagiza spea, maana ya Kariakoo, Dar es Salaam, au ya soko la Kisekka, Kampala, hayaitwi kama ya Bujumbura. Aidha, agiza spea za watengenezaji waliokuwa wakiiuzia kampuni tangu mwanzo, kama Bosch, Sachs na Lemförder, na ulinganishe na spea ya zamani kabla ya kulipa.

Makaratasi na upande wa usukani

Namba ya chesisi ya W124 imechongwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na chumba cha abiria. Kwa 250 D huanza na WDB124125. Ilinganishe na karte rozi, tarakimu kwa tarakimu. Gari lenye makaratasi ya nchi nyingine lisikuvutie kwa bei kabla hujauliza OBR kodi yake, kwani bei ya Kigoma si bei ya Nyanza-Lac. Ukivuka mara kwa mara, kumbuka kadi ya njano ya COMESA. Ni bima inayokubalika Tanzania pia, ingawa nchi hiyo ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Hali kadhalika, jiulize ni upande gani wa mpaka utaendesha zaidi. Burundi tunapita kulia, Tanzania kushoto. Usukani wa kulia katika barabara zetu unakulazimisha kutoa nusu ya gari nje ndipo uone kama unaweza kulipita lori. Sisi tulichukua wa kushoto, kwa sababu safari zetu nyingi ziko upande huu. Tukivuka Manyovu, taa za gari la kulia huwapiga machoni wanaokuja, hivyo safari za usiku upande wa pili tumeziacha.

Nani asinunue?

Mfanyabiashara wa magunia ya dagaa na mihogo, gari hili halikufai. Buti lake ni kubwa, lita 520, lakini harufu ya dagaa haitoki kwenye zulia, na mlango wa buti haupitishi gunia la kusimama. Probox itakutumikia vizuri zaidi. Vilevile asiye na fundi anayemwamini asijaribu. Benzi zuri mikononi mwa fundi wa kubahatisha hufa mapema kuliko Toyota mbovu.

Lakini kwa anayebeba watu kuliko mzigo, hesabu inakubali. Gari letu limetembea zaidi ya kilomita 10,000. Limebadilishwa nozeli, shokapu mbili na mipira ya vakyumu. Linakula kati ya lita saba na nane kwa kilomita 100, na tangi la lita 70 limetuvusha wiki ambazo vituo vilikuwa vikavu. Walimu wenzangu watatu huchangia mazutu. Mama watoto, aliyekataa kupanda gari lolote kwa miezi minne, sasa anakwenda Mugina kila Jumanne, akiwa amekaa nyuma na mkanda umefungwa.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa fedha. Ukiwa na fungu la kununulia gari, ligawe mara nne: robo tatu ziwe bei, robo ibaki ndani kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza. Muuzaji akikulazimisha uitoe robo hiyo leo jioni kwa sababu "kuna mtu mwingine anakuja", mwache huyo mwingine aje. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na magari yanayojitembeza mipakani kwetu ni mengi.