Kabla ya Kusema Bibi Amechanganyikiwa

Mvuvi wa dagaa wa Igombe, Mwanza, huingia ziwani usiku wa giza. Nje ya mwanga wa taa yake macho hayaoni kitu, na chini ya nyayo mtumbwi unacheza. Kinachomzuia asitumbukie ni sikio la ndani. Ndiyo maana mzee anayetembea vizuri mchana sokoni Mwaloni, lakini usiku akienda chooni anapapasa ukuta, inafaa kuanza kwa kumtazama masikio.

Chombo cha kusikia, kilichojiviringa kama konokono, kimeungana na mirija mitatu ya mizani ndani ya mfupa mmoja. Vyote vinategemea seli zenye vinyweleo, na zikifa hazioti tena. Uzee huziua, kelele za injini na mashine za kusaga huziua, hata baadhi ya dawa, kama sindano za streptomaisini walizodungwa wagonjwa wa kifua kikuu zamani.

Ubongo unaingiaje? Asiyesikia vizuri hutumia nguvu nyingi kuunga maneno yaliyomfikia nusunusu. Nguvu ya kukumbuka hubaki kidogo. Baadaye huacha kwenda kwenye mazungumzo. Anayeogopa kuanguka naye haendi shambani wala kanisani. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 liliuweka uziwi wa ukubwani kati ya mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau na yanayoweza kurekebishwa. Tusikimbilie kushangilia, hata hivyo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2023, la wazee 977, halikuona faida ya shimesikio, kifaa cha kusaidia kusikia, kwa kundi zima katika miaka 3. Faida ilionekana kwa waliokuwa na hatari kubwa zaidi: kwao akili ilififia kwa kasi pungufu kwa karibu nusu.

Huku Usukumani jambo hili lina uzito wake. Vikongwe wameuawa wakidhaniwa wachawi kwa macho mekundu tu, mekundu ya moshi wa jikoni. Bibi asiyeitikia salamu ya "Mwangaluka", anayeyumba, anayejibu asichoulizwa, watu wataanza kumnong'ona. Kumbe pengine ni nta imeziba masikio. Akishikwa na kizunguzungu kila anapojigeuza kitandani, huenda ni chembe za chokaa zimehamia kwenye mirija. Mtaalamu huzirudisha kwa kumgeuza kichwa kwa mpangilio, bila kidonge.

Na ukisema naye, usipige kelele. Kaa mbele yake, sema taratibu, kwa sauti nzito. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, ndiyo maana anamsikia mwanawe wa kiume na mjukuu hamsikii.