Mambo Yaliyovuka Bahari: Salsa na Asili Yake

Mwanachama mpya wa klabu yetu hujifunza neno moja kabla hata hajakaa kitini: mambo. Anajibu poa, na darasa linaanza. Wachache wanajua kwamba neno hilohilo ni jina la muziki uliojaza kumbi za Havana, Mexico na New York katika miaka ya 1940 na 1950, na kwamba muziki huo ni mmoja wa wazazi wa salsa. Hilo halikutokea kwa bahati tu. Katika Kikongo, lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa Kiswahili, mambu ni wingi wa diambu, yaani jambo au neno. Wakongo waliouzwa utumwani waliingia Cuba na lugha yao, na maneno yake yakabaki katika nyimbo na ibada za wajukuu wao.

Tunaandika makala hii kwa sababu tumeulizwa mara nyingi: klabu ya Kiswahili inatafuta nini kwenye salsa? Wapo wanaosema huo ni utamaduni wa watu wa Amerika ya Kusini na Karibi, tuwaachie wenyewe. Wapo wanaosema salsa ni ya Afrika, basi ni yetu, hatuna haja ya kubisha hodi. Majibu yote mawili yanairuka historia yenyewe.

Kutoka mashambani hadi Havana

Mzizi mkuu wa salsa ni son, muziki wa mashariki ya Cuba ulioshika umbo lake mwishoni mwa karne ya 19. Cuba ya wakati huo ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa, na utumwa haukufutwa huko hadi mwaka 1886. Kutoka Hispania zilikuja gitaa na tungo za beti zenye mistari kumi. Kutoka Afrika zilikuja ngoma, na ule utaratibu tunaoufahamu sana wa kiongozi kuimba na kundi kuitikia. Waafrika hao hawakuwa watu wa kabila moja. Walikuwepo Wayoruba, ambao Cuba iliwaita Lucumí. Walikuwepo Wakongo wengi. Walikuwepo pia watu wa Msumbiji walioitwa Macuá, jina ambalo msomaji anayetoka Masasi atalitambua mara moja.

Katika vikundi vya mwanzo vya son, sauti ya besi ilitolewa na marímbula. Hiki ni chombo cha sanduku kubwa la mbao lenye ndimi za chuma. Mpigaji hulikalia sanduku na kuzidonoa ndimi kwa vidole. Anayejua ilimba ya Wagogo wa Dodoma ataona undugu wa vyombo hivi bila kuelezwa, na anayejua neno marimba atausikia katika jina.

Chombo kidogo kuliko vyote ndicho chenye amri. Claves ni vijiti viwili vya mbao ngumu vinavyogonganishwa, na mapigo yake huitwa clave. Ni mapigo matano tu: matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, kisha yanarudiwa tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ngoma, kinanda, tarumbeta, mwimbaji na mchezaji wote hujipanga kwa mapigo hayo, hata pale vijiti vyenyewe visipopigwa. Mpangilio wa namna hiyo husikika pia katika kengele za ngoma nyingi za Afrika ya Magharibi na ya Kati.

Son ilipofika Havana mwanzoni mwa karne ya 20, wenye mali waliidharau kama muziki wa weusi maskini. Vikundi kama Sexteto Habanero, na kile cha Ignacio Piñeiro kilichoanza mwaka 1927, viliipandisha hadhi kupitia santuri na redio. Lakini aliyeijenga nyumba ambayo salsa iliihamia baadaye ni Arsenio Rodríguez, aliyezaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Matanzas, katika familia yenye asili ya Kongo. Alipofuka akiwa mtoto baada ya kupigwa teke na mnyama. Katika miaka ya 1940 aliongeza kinanda, tarumbeta zaidi na ngoma ya conga, ambayo hadi hapo ilionekana kuwa ngoma ya mitaani isiyostahili ukumbi. Pia aliirefusha sehemu ya mwisho ya wimbo, iitwayo montuno, ambapo kiitikio hurudiwa na wachezaji hufunguliwa kamba.

Mchuzi wa New York

Wakati huohuo watu wa Cuba na Puerto Rico walikuwa wakihamia New York. Katika ukumbi wa Palladium, bendi za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez zilipiga mambo kwa watu wa rangi zote, katika nchi ambayo sehemu nyingi bado zilikuwa zikiwatenganisha. Kisha yakaja mapinduzi ya Cuba ya mwaka 1959 na vikwazo vya Marekani vya mwaka 1962. Njia ya wanamuziki na santuri kutoka Havana ikazibwa. Vijana wa Harlem Mashariki na Bronx, wengi wao wa asili ya Puerto Rico, wakaendelea na walichokuwa nacho, wakachanganya na bomba na plena za kwao, jazi ya jirani zao, na sauti kavu ya tromboni.

Mwaka 1964 Johnny Pacheco, mwanamuziki aliyezaliwa Jamhuri ya Dominika, na mwanasheria Jerry Masucci walianzisha kampuni ya Fania. Muziki ulihitaji jina la kuuzia, na jina lililoshika ni salsa, neno la Kihispania lenye maana ya mchuzi. Halikuwa geni: Piñeiro alikuwa amelitumia katika wimbo wake maarufu wa miaka ya 1930. Tito Puente hakulipenda. Alizoea kusema kwamba yeye anapiga muziki, na mchuzi ni wa kula.

Nyuma ya mzaha huo kulikuwa na kidonda. Nyimbo nyingi za zamani za Cuba zilirekodiwa upya New York, na mahali pa jina la mtunzi pakaandikwa herufi mbili tu: D.R., yaani haki zimehifadhiwa. Mtunzi aliyekuwa Cuba hakutajwa wala kulipwa. Arsenio mwenyewe alifariki mwaka 1970 huko Los Angeles, salsa ikiwa mlangoni. Mwaka uliofuata bendi ya Fania All-Stars ilijaza ukumbi wa Cheetah, na dunia ikaanza kuzungumzia muziki mpya.

Hata hivyo haitakuwa haki kusema New York iliiba tu. Willie Colón, Héctor Lavoe na Rubén Blades waliimba maisha ya mitaa yao: kodi, uhalifu, ubaguzi na ugeni. Albamu ya Siembra ya mwaka 1978 ni habari za watu wa mjini zilizowekewa ngoma. Uchezaji nao ulikuwa na makwao mengi. Havana ilikuwa na casino, mtindo wa wawili wawili wa miaka ya 1950 uliozaa duara la rueda. New York ikajenga mtindo wa kuanza kwenye pigo la pili, na Cali ya Kolombia ikajulikana kwa kasi ya miguu.

Safari ya kurudi

Tangu mwaka 1933 santuri za Cuba zilizotambulika kwa herufi G.V. zilianza kuuzwa Afrika. Léopoldville na Brazzaville zilizipokea kama jamaa aliyepotea. African Jazz ya Grand Kallé na OK Jazz ya Franco waliyahamishia kwenye gitaa mambo yaliyofanywa na kinanda, wakaimba kwa Kilingala, na rumba ya Kongo ikazaliwa. Mawimbi yale yalifika mpaka Morogoro, ambako Salum Abdallah aliongoza bendi iliyoimba kwa Kiswahili na kuitwa Cuban Marimba. Jina hilo lina safari nzima ndani yake.

Mwaka 1974 Fania All-Stars walipiga uwanjani Kinshasa, Celia Cruz akiwa jukwaani, katika tamasha lililopangwa kuambatana na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. UNESCO iliingiza rumba ya Cuba katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016, na ile ya Kongo mwaka 2021.

Basi salsa ni ya nani? Jibu letu ni kwamba undugu si hatimiliki. Kujua maana ya mambo hakumpi mtu haki ya kujiita mwenyeji wa Havana. Na anayeifundisha salsa bila kuitaja Kongo wala mashamba ya miwa anarudia zile herufi mbili za kwenye santuri. Wala tusiseme Waafrika hucheza kwa sababu mdundo uko katika damu. Arsenio na wenzake walifanya kazi, walifikiri, walijaribu na kurekebisha. Kuyaita hayo damu ni kuwanyima ufundi wao.

Ndiyo maana katika jioni zetu za dansi tunapendekeza kwamba anayechagua wimbo aseme kwanza umetungwa na nani, wapi na lini. Haitachukua dakika moja. Na kwa watakaokuja kwa mara ya kwanza: hesabu ni nane, hatua ni sita, unatulia kwenye nne na kwenye nane. Ukipotea usiangalie miguu ya jirani. Visikilize vile vijiti viwili.