Mtoto hatulii darasani: je, damu yasemaje?

Mzazi wa Adungosi aitwa shuleni: mtoto hatulii, husahau upesi, hamalizi kazi. Je, damu yaweza kuonyesha kasoro?

Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha ugonjwa wa kutotulia na kukosa makini. Daktari huuliza nyumbani na shuleni. Dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12 na kudumu miezi 6 au zaidi.

Hata hivyo, damu ipimwe. Busia ni eneo la malaria. Uchunguzi wa Kampala uliochapishwa 2008 ulionyesha kuwa, miaka 2 baada ya malaria kupanda kichwani, mtoto 1 kati ya 4 hivi alibaki na udhaifu wa akili, makini ikiwemo.

Upungufu wa madini ya chuma nao hudhoofisha ubongo. Akiba yake hupimwa kwa feritini: kwa mtoto wa shule, chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni upungufu. Lakini malaria huipandisha, hivyo kwa mgonjwa kiwango huwa 70.

Mzazi, usinunue vidonge vya chuma kabla ya kipimo, wala usikimbilie kiboko.