Chembe moja iliyoshinda ghala la mfalme

Wazee wetu walinena: haba na haba hujaza kibaba. Neno hilo ni kweli tupu. Lakini haba ikizidi maradufu kila mara, si kibaba tena. Hata ghala la mfalme halitoshi.

Bao letu, ndugu msomaji, lina kete 64. Ubao wa sataranji nao una vyumba 64, na juu ya vyumba hivyo mwanachuoni Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, alisimulia kisa. Sissa bin Dahir alimtungia mfalme wa Bara Hindi mchezo huo. Mfalme kwa furaha akamwambia atake atakacho. Sissa akataka ngano: chembe moja chumba cha kwanza, mbili cha pili, nne cha tatu, vivyo hivyo hadi cha 64. Mfalme akaliona ombi la kitoto. Makarani walipopiga hesabu, wakarudi na habari kuwa ngano hiyo haimo katika milki yake yote.

Jumla yake ni hii: 18,446,744,073,709,551,615.

Ni nambari ya witiri, si ya shufwa, nayo yagawika sawasawa kwa 3, kwa 5, kwa 17 na kwa 257. Ibn Khallikan mwenyewe aliitilia shaka, mpaka karani mmoja wa Iskandaria alipomwonyesha hesabu yake. Na kabla yao Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alikwisha kueleza njia ya mkato. Chumba cha 5 kina chembe 16. Mara 16 kwa 16 ni 256, ndicho chumba cha 9. Mara 256 kwa 256 ni 65,536, chumba cha 17. Hiyo nayo kwa yenyewe ni 4,294,967,296, chumba cha 33. Zidisha tena, wafika chumba cha 65, ambacho ubaoni hakipo. Toa moja, umeipata jumla. Kwani kila chumba huvishinda vyote vilivyotangulia kwa chembe moja tu.

Tukikadiria chembe 25,000 kwa kilo, nusu ya kwanza ya ubao ni magunia 1,900 hivi ya kilo 90. Mfalme aweza kulipa, tena akicheka. Ubao mzima ni mavuno ya ngano ya dunia yote, kama ya siku hizi, kwa miaka ipatayo mia tisa.

Hapo ndipo binadamu anapoghurika. Jirani yangu mvuvi alikopa shilingi 100 kwa sharti la kuzidi maradufu kila mwezi. Mwezi wa tatu ni 800, bado anatania barazani. Mwaka ukitimia ni 409,600. Mashua na nyavu hazitoshi. Si ajabu aya ya 130 ya Sura Aali Imran, inapokataza riba, ikataja huko kuzidishwa maradufu.

Basi kabla hujatia kidole kwenye karatasi ya mkopo, chora vyumba, uhesabu. Chembe ya kwanza haitishi mtu.