Kanuni za Merikebu ya Maharamia

Haramia tunayemjua ana mguu mmoja, kasuku begani na ramani ya hazina iliyofukiwa. Sura hiyo imetoka kwenye riwaya ya Robert Louis Stevenson, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Kilipotoka kitabu hicho mwaka 1883, maharamia wa Karibi walikuwa wameshamalizwa zaidi ya karne moja na nusu nyuma. Wenyewe hawakuwa na haja ya kufukia mali. Walichoteka zaidi ni nguo, sukari, kamba na matanga, na waligawana mara moja. Mwaka 1718 haramia Blackbeard alipouziba mlango wa bandari ya Charleston, alichodai ni sanduku la dawa.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani walikuwa genge lisilo na utaratibu. Bartholomew Roberts wa Wales alitekwa mwaka 1719 kwenye pwani ya Ghana ya leo, akiwa baharia wa merikebu ya watumwa. Wiki chache baadaye, watekaji wale wale walimchagua kuwa nahodha wao, kwa kura. Kanuni za merikebu yake ziliandikwa, na kila mtu aliziapia. Kila mmoja alikuwa na kura katika mambo mazito, na haki sawa ya chakula na pombe. Saa mbili usiku taa zilizimwa. Aliyetaka kuendelea kunywa alipanda juu sitahani. Kamari ya fedha ilikatazwa. Waliogombana walisubiri nchi kavu, wakamalizane huko kwa bastola na upanga. Hata wapiga muziki walikuwa na siku yao ya mapumziko, Jumapili.

Nahodha alipata mafungu mawili ya ngawira, baharia wa kawaida fungu moja. Aliyepoteza mguu au mkono kazini alilipwa dola 800 za fedha za Kihispania kutoka mfuko wa wote. Ukitaka kujua kwa nini walijiwekea hayo, tazama walikotoka: merikebu za biashara, ambako nahodha alichapa mabaharia apendavyo na kuwapunja chakula na mshahara. Kanuni nyingi zilijibu dhuluma waliyoionja.

Lakini wapo siku hizi wanaowasifu kama wapigania uhuru, na hapo nakataa kabisa. Januari 1722, huko Ouidah, pwani ya Afrika Magharibi, nahodha mmoja wa merikebu ya watumwa alikataa kuwalipa maharamia fidia ya kuikomboa. Watu wa Roberts wakaiteketeza merikebu yake, na ndani yake Waafrika wapatao 80 wamefungwa minyororo wawili wawili. Kuwafungua kungechukua muda, na maharamia walikuwa na haraka. Waliochomoka motoni walirukia baharini wakararuliwa na papa. Mwezi uliofuata Roberts aliuawa akipigana na Waingereza karibu na Cape Lopez, na baadaye watu wake 52 wakanyongwa Cape Coast. Waafrika waliokutwa kwenye merikebu zake hawakushtakiwa wala kuachiwa. Waingereza waliwauza.