Mfupa Ulio Hai
Mazungumzo ya asubuhi redioni, kutoka Isiolo

 

Mtu aliyesafiri kutoka hapa Isiolo kwenda Marsabit au Garba Tula wakati wa ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 aliiona mifupa kando ya barabara: ya ng'ombe, ya punda, hata ya ngamia. Ilikuwa myeupe, mikavu, myepesi. Kwa sababu mifupa tunayoiona kwa macho ni ya wafu, tumezoea kufikiri kwamba mfupa ni kitu kilichokufa, kama kigingi kilichopigiliwa ndani ya nyama. Nabii Ezekieli, katika sura ya 37, alionyeshwa bonde zima la mifupa ya namna hiyo, na alipoulizwa kama yaweza kuwa hai tena, alimwachia Mungu jibu.

Lakini leo nataka tuutazame mfupa ulio ndani yako wewe unayenisikiliza. Huo si mkavu. Una damu, unasikia maumivu, unakula, unakua, na ukivunjika hujiunga. Mfupa ni kitu hai, na kitu hai chataka kutendewa kwa upole na kwa subira.

Mfupa umejengwa kwa vitu viwili. Jaribuni nyumbani. Chukueni mfupa mwembamba wa kuku, muutie katika siki kwa siku kadhaa. Siki itakula chokaa yake, na mfupa utapindika kama mpira. Mwingine utieni motoni mpaka uwe mweupe. Sasa ile sehemu ya kunyumbuka imeungua, chokaa imebaki, na ukiubonyeza kwa kidole utavunjika vipande vipande. Chokaa peke yake haitoshi, na kunyumbuka peke yake hakutoshi. Vyote viwili vikichanganyika, mfupa wa paja waweza kubeba mwili wako pamoja na mtungi wa maji kichwani.

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga ana mingi zaidi, kama 270, kwa sababu mingi huungana anapokua. Katika hiyo 206, zaidi ya nusu, yaani 106, imo katika mikono na nyayo, ndiyo maana mkono waweza kukamua maziwa na pia kutia uzi katika sindano. Shingo ina mifupa 7. Yule twiga unayemwona Buffalo Springs naye ana 7 shingoni, na ngamia ni vivyo hivyo. Idadi ni ile ile, urefu tu ndio umezidi.

Mifupa hukutana kwenye viungo. Goti hufanya kazi kama bawaba ya mlango, mbele na nyuma. Nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mviringo cha paja huzunguka ndani ya shimo lake. Lakini tazameni jambo hili: katika viungo hivyo mfupa hausuguani na mfupa mwenzake. Ncha zake zimefunikwa na gegedu laini, na katikati mna ute mwembamba wa kutelezesha. Kano imara huishika mifupa isiachane. Gegedu ikilika, kama ilivyo kwa wazee wengi, ndipo goti huuma na kulia mtu anapoinuka.

Ndani ya mifupa ya nyonga, ya kifua na ya uti wa mgongo mna uboho mwekundu, nao hutengeneza chembe nyekundu za damu zipatazo milioni 2 kila sekunde. Tena mfupa haukomi kujengwa. Zimo chembe zinazobomoa mfupa wa zamani, na chembe nyingine zinazojenga mpya, usiku na mchana. Vifaa vya wajenzi hao hutoka katika chakula, kama maziwa ya ng'ombe au ya ngamia, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na mboga za majani. Jua nalo huusaidia mwili kuitumia chokaa hiyo. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani siku zote aweza kupata matege, hata katika nchi ya jua kama yetu.

Basi mfupa ukivunjika, mafundi hao hao ndio huutengeneza. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Baada ya wiki 2 au 3 huwa pana daraja laini la gegedu. Kufikia wiki ya 6 hivi, daraja hilo limeanza kuwa mfupa. Paja la mtu mzima huhitaji miezi 3 au zaidi, na mtoto hupona upesi kuliko mkubwa. Daktari hatii gundi. Yeye hukutanisha ncha mbili na kuzituliza, kisha mwili hufanya kazi yake.

Sasa nitawaeleza habari yangu mwenyewe. Wanaonijua huona kwamba vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto havinyooki. Nilipokuwa na miaka 9 nilianguka kutoka juu ya mgunga nikichunga mbuzi, mkono ukavunjika. Mzee mmoja aliyejulikana kwa kuganga mifupa aliunyoosha, akaufunga kwa vijiti na vitambaa, akakaza sana ili usicheze. Nililia, nikaambiwa mwanamume huvumilia. Usiku vidole vilivimba, vikawa baridi, kisha nikaacha kuvisikia. Nyanya yangu alivigusa gizani, akachukua kisu, akakata vile vitambaa vyote. Kesho yake nilipelekwa hospitali. Mfupa uliunga vizuri, lakini vidole vile viwili havikurudi.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Mikono yake iliujua mfupa, lakini haikuijua damu. Mahali palipovunjika huvimba, na kamba iliyokazwa haitoi nafasi. Damu haipiti, na msuli uliokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, shikeni haya. Kwanza, msiuvute mkono au mguu uliovunjika. Utulizeni kwa kijiti au ubao uliowekewa kitambaa laini, upite kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika. Pili, fungeni hivi kwamba kidole chako chaweza kupita chini ya kitambaa, mkaache ncha za vidole wazi, mkazigusa mara kwa mara. Zikiwa baridi, zikibadilika rangi, zikifa ganzi, au maumivu yakizidi, legezeni mara moja mwende hospitali, hata kama ni usiku wa manane. Tatu, mfupa ukitoboa ngozi, msiurudishe ndani. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende upesi. Na mtu aliyeumia shingo au mgongo katika ajali ya bodaboda asiketishwe kamwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Alazwe chali juu ya kitu kigumu, abebwe vivyo hivyo.

Tena kuna watoto, kama mmoja katika kila 1,000, wanaozaliwa nyayo zimepinda kuelekea ndani. Wengine hufichwa nyumbani kwa aibu. Msiwafiche! Daktari Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa huko Marekani, alionyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga, ambao sehemu yake kubwa ni gegedu bado, waweza kunyooshwa kidogo kidogo kwa mkono na kufungwa plasta mpya kila wiki. Baadaye mtoto huvaa viatu maalum usiku kwa miaka kadhaa. Pale Kijabe iko hospitali ya mifupa ya watoto iliyofunguliwa mwaka 1998, na kazi hii hufanywa huko. Wazee wetu walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Nirudi kwa Ezekieli. Katika bonde lile mifupa ilikaribiana kwanza, kila mmoja na mwenzake. Kisha zikaja kano, kisha nyama, kisha ngozi, na pumzi ikawa ya mwisho. Mungu mwenye uwezo wote hakuona vibaya kwenda hatua kwa hatua. Nasi hapa Isiolo, Waborana na Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, tukigombana juu ya malisho na maji, twataka kupona kwa mkutano wa siku moja, au twafunga amani kwa kukaza upande mmoja mpaka ukose damu. Tukutanishe ncha zilizoachana, tuzitulize, tuguse vidole vya mwenzetu tuone kama vina joto, kisha tungoje.

Ee Bwana, uliyeiumba mifupa yetu, utufundishe kufunga bila kubana. Amina.